Marceline na Safu ya Nne

Mwandiko wangu ni mzuri. Sisemi kwa kujisifu. Kama ningeandika kama mume wangu, ambaye hata yeye mwenyewe hawezi kusoma mahubiri yake akishayaandika, pengine Marceline angekuwa Panda mpaka leo, ameketi nyuma ya cherehani yake na pini midomoni.

Tulifika Likasi, mji wa migodi kule Katanga, Januari ya 1989, mume wangu Mchungaji Ambakisye, watoto wetu wawili na mimi. Kanisa letu la Rungwe, kusini mwa Tanzania, lilitutuma tulee usharika mdogo katika kata ya Panda. Tulipitia Zambia kwa malori, siku tisa. Wazee wa kanisa walikuja kumpokea mmisionari, na kwao mmisionari alikuwa Mzungu mwenye gari. Tuliposhuka sisi, Wanyakyusa wanne wenye masanduku ya bati na gunia la mchele wa Kyela, walilizunguka lori mara mbili wakimtafuta. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mwanamke mmoja mfupi aliyevaa sare ya kwaya. Mimi nikanuna. Nilikuwa na vumbi la nchi mbili kichwani, sikuona cha kuchekesha.

Huyo ndiye Marceline. Alikuwa na miaka thelathini na saba, mke wa Lambert, fundi umeme wa kiwandani. Alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba pale Panda, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa mistari kama mahindi. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka minne. Mjomba wake, ndugu wa mama, akamlea kambini humo humo na kumpa jina la ukoo wake. Kutoka nyumba ya mjomba hadi nyumba ya mume ilikuwa hatua mia moja na ishirini. Alizihesabu siku ya harusi kwa sababu viatu vilikuwa vinambana. Safari ndefu ya maisha yake ilikuwa hiyo. Kushona alifundishwa kwenye jumba ambalo kampuni iliwajengea wake za wafanyakazi, na kila mtoto aliyebatizwa kwetu aliingia majini au kutoka amevaa kitu kilichopita mkononi mwake.

Jumapili ya kwanza nilisimama kusalimia. Nikasema, "Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu wapendwa, tumefurahi mno kufika kwenu." Marceline alimgeukia jirani yake na kusema, bila kujali kwamba nina masikio, "Aah! Mama pasta eko anasema sawa Biblia!" Yaani nasema kama Biblia. Kanisa zima likaangua kicheko. Mume wangu akahubiri juu ya methali yetu, mgeni njoo mwenyeji apone, nao wakaitika amina nyingi.

Mimi niliyekuja kufundisha nikawa mwanafunzi. Wiki ya pili nilimtembelea, nikabisha hodi, akanijibu kutoka ndani, "Ingia, mama pasta, niko paka minye." Nilisimama mlangoni. Mwanamke mzima ananiambia yeye ni paka! Nilidhani ni mapepo, nikaanza kusali kimoyomoyo. Alipoelewa, alicheka mpaka akalazimika kutema pini. Kwao paka ni neno la kawaida kabisa, maana yake ni tu, peke yake. "Niko paka minye," yaani nipo mwenyewe nyumbani. Yule mnyama wanamwita nyau. Tangu siku hiyo, kila nilipobisha hodi alijibu "nyau," hata mbele ya wageni.

Nilimpenda. Niliseme hilo sasa kabla sijafika kwenye kitabu.

Kitabu cha washarika tulichokikuta kilikuwa kimeliwa na mchwa. Mume wangu akaniomba nitengeneze kipya, na mimi kazi ya rula na wino naipenda kuliko kupika. Nilichora kama vilivyo vitabu vya Rungwe: safu ya kwanza jina, ya pili kuzaliwa, ya tatu ubatizo, ya nne asili. Kwetu huwezi kumzika mtu bila kujua asili yake. Ukimuuliza mtu kwenu ni wapi, umemheshimu. Umeonyesha kwamba hakuokotwa. Nilizunguka nyumba hadi nyumba miezi miwili, kitabu kwapani, nikiuliza.

"Kwenu ni wapi, Mama Jessy?" nilimuuliza Marceline. Jessy ni binti yake wa pekee.

"Ni hapa. Panda."

"Hapa ndipo unapokaa. Nauliza walikotoka wazee wako."

"Ah. Andika Kambove. Mama yangu alikuwaka Musanga wa Kambove."

"Na baba?"

"Baba alikufa, nilikuwa mutoto. Kwetu muntu anafuataka mama."

"Kwetu mtu hufuata baba," nilimwambia, kama vile Mungu alikuwa ameandika hivyo kule Sinai na kunikabidhi mimi nakala. "Baba alitoka wapi kabla hajafa?"

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake. "Banasemaka alitokaka Mwene-Ditu, ku Kasai. Minye sijafikaka kule hata siku moja. Lambert anajua, lakini bandugu yake habajue ile mambo. Andika Kambove, mama pasta."

Niliandika Mwene-Ditu. Hakuniudhi wala sikumdharau. Niliona tu kwamba safu inauliza baba, basi jibu ni la baba. Alisogea kutazama, akaikubali kama mtu anavyokubali pindo lililoshonwa vibaya na mtu asiye fundi. "Mwandiko ni muzuri," alisema. "Inapita ya masista."

Mambo yalipoanza kuharibika, yaliharibika kwa vipande. Kwanza unga wa kampuni ulichelewa, baadaye ukawa nusu gunia, kisha hakuna anayeuliza tena. Bomba la kiwanda lilikuwa likitoa moshi siku nzima tukilalamikia nguo kwenye kamba. Siku liliponyamaza tulilitazama kwa hofu. Oktoba ya 1991 askari wakapora maduka, na raia wakawafuata nyuma. Wamisionari Wazungu wa mjini waliondoka kwa msafara wa magari kuelekea Zambia. Sisi hakuna ubalozi uliotukumbuka, wala hatukuwa na gari la kutukumbukia. Mume wangu alisema ni wito. Mimi nilisema ni nauli.

Tangu hapo sikutulia. Sanduku moja lilikaa tayari chini ya kitanda. Nalifunga Jumatatu, nalifungua Alhamisi kwa sababu mtoto anataka soksi. Nikisikia kelele natoka nje, nikisikia kimya natoka nje pia. Nilikuwa naanza kusonga ugali, naacha, naenda kutazama kama komeo limefungwa, narudi, naukuta umeungua. Mume wangu akaniambia, "Mama Lusekelo, keti." Nikamwambia akae yeye kwa niaba yangu.

Agosti ya 1992 maneno yakabadilika. Redioni na mabarabarani walisema kila mtu arudi kwao, na kwamba watu wa Kasai wamekula vya Katanga vya kutosha. Waliwaita bilulu, wadudu. Vijana wakaanza kupita mistari ya nyumba wakitoa familia nje, watu waliozaliwa hapo na baba zao wamezikwa hapo, na familia hizo zikaenda kukaa kwenye uwanja wa stesheni kungoja treni isiyokuja. Marceline alitusaidia kupika uji wa kupeleka huko. Alikoroga akiwa ameinamisha kichwa, hakusema nyau wala nini.

Nilikuwa nachambua mchele niliposimama na ungo mkononi. Safu ya nne! Mchele ulimwagika, sikuuokota. Nilikwenda mbio ofisini kwa mume wangu, nikafungua kabati, nikatoa kitabu, nikatafuta ukurasa. Pale ulikuwa, wino mweusi, herufi zimesimama sawasawa kama watoto wa shule: Mwene-Ditu. Nilikuwa tayari nimefungua kalamu mume wangu alipoingia.

"Unafanya nini?"

"Naandika Kambove."

"Hicho ni kitabu cha Kanisa."

"Na Kambove ni kweli! Mama yake ni wa Kambove. Aliniambia mwenyewe, mimi ndiye niliyemkatalia."

Alinipokonya kalamu, si kwa nguvu. Mume wangu hana nguvu, ana utaratibu tu. Akasema tukianza kufuta neno moja leo, kesho tutafuta ubatizo wa mtu. Akasema Jumatatu baraza la wazee litakaa, litaamua, na mpaka hapo kabati lifungwe. Nilimwambia vijana hawana baraza. Tulizozana mpaka watoto wakatoka nje. Mwishowe nilikirudisha kitabu kabatini. Ilikuwa Ijumaa, na nikajiambia siku tatu si nyingi. Ufunguo wa pili wa kabati alikuwa nao Gaston, katibu wa usharika, mtu mwaminifu ambaye hajawahi kupoteza hata kipande cha chaki.

Jumamosi jioni Gaston alikuja kwetu, shati limechanika begani.

"Balinishika, mama pasta. Banasema minye ni Mukasai, juu ninasemaka Tshiluba. Nikabaambia hapana, minye ni muntu wa Bunkeya, wa hapa Katanga, iko imeandikwa! Mama pasta aliandika! Nikakimbia ku bureau, nikabaletea kitabu. Baliona jina yangu. Baliniacha."

"Na kitabu kiko wapi?"

Aliangalia miguu yake. "Iko kwabo. Balianza kufungula fasi ingine, majina ya bengine."

Alifurahi kwamba yuko hai, na nani angemlaumu? Mwandiko wangu ulimwokoa Gaston. Nilitaka kumpiga.

Nilitoka usiku huo huo kwenda kwa Marceline, nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Nilitaka anitukane. Lambert alisema atazungumza na kaka zake, kwamba yeye ni mtu wa hapa, hawatamgusa. Marceline alinisikiliza akikunja kitambaa, akakikunja tena, akauliza swali moja tu: kama kweli niliandika kwa wino au kwa kalamu ya risasi.

Walikuja Jumapili baada ya ibada. Nilipofika mbio, watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba yake na kijana mmoja amesimama juu ya ngazi na kitabu changu, kidole kwenye mstari, anasoma bila kukwama hata kidogo. "Marceline. Kuzaliwa, Panda. Asili, Mwene-Ditu."

"Mama yangu ni Musanga!" Marceline alisema. "Minye ni muntu wa Kambove! Muulize mujomba yangu!"

"Imeandikwa," kijana alijibu. "Ni pasta njo aliandika."

Nilijipenyeza mpaka mbele. Nilipiga kelele kwamba nilikosea, kwamba safu ile ni desturi ya kwetu Rungwe, haina maana hapa, kwamba kwao ukoo ni wa mama. Yule kijana alinisikiliza kwa adabu yote. Kisha akamwashiria mwenzake, ambaye aliingia ndani ya nyumba ya Marceline, akatoka na kiti cha Marceline, kile cha cherehani, akakifuta vumbi kwa mkono, akaniwekea kivulini.

"Mama pasta, weye uko mugeni," alisema. "Keti. Hapana kujisumbua."

Sikuketi. Lakini sikukivunja kichwani mwake pia, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Lambert alisimama kando na mikono mifukoni. Kaka zake wawili walikuwa wamemshika Jessy, mmoja kila upande, wakisema huyu ni mtoto wa kwetu, huyu anabaki. Siku hizo kila mtu alihesabu kwa baba, kama mimi. Marceline alitoka na godoro, sufuria mbili na kichwa cha cherehani kimefungwa ndani ya kitenge. Aliponipita hakunitazama. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nilisikia amina zote zile za mwaka wa 1989 zikinirudia.

Kitabu hakikurudi. Jumatatu baraza la wazee lilikaa, likaamua kwamba safu ya nne ifutwe.

Mume wangu alinifuata jikoni siku hiyo, akasema, "Ningekuacha uandike." Nilimchukia kwa wiki mbili nzima, nikimpa chakula bila kusema karibu. Halafu nikakumbuka ni nani aliyechora mistari, na chuki ikakosa pa kukaa.

Marceline alikaa stesheni miezi sita. Nilikwenda kila siku isipokuwa nilipougua, saa nzima kwa miguu, na unga, au mafuta kidogo kwenye chupa, au mikono mitupu. Watu walikuwa maelfu, wamelala chini ya mahema na mabati, wengine kando ya reli zenyewe. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuhara, na wanaume waliwazika pembezoni mwa uwanja kwa sepetu za kuazima. Marceline aliweka kichwa cha cherehani juu ya sanduku la mbao, akawa anazungusha gurudumu kwa mkono, anashona magunia kuwa mahema. Wiki tatu hakunisemesha. Nilikuwa naketi kando yake nikimnyooshea gunia. Wiki ya nne alisema, "Vuta sawasawa, mama pasta, unashika sawa unaogopa itakuluma." Nililia pale pale, mbele za watu, na aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

Lambert alikuja kila siku mwanzoni, baadaye Jumapili, baadaye alimtuma Jessy. Halafu ndugu zake wakamzuia Jessy. Marceline hakumsema vibaya. "Eko anachunga nyumba," alisema, na akazungusha gurudumu.

Februari ya 1993 ilikuja barua kutoka Rungwe: rudini nyumbani, wiki tatu. Nilikuwa nimeitamani barua hiyo tangu Oktoba ile ya kwanza, na nilipoisoma nilikasirika kama mtu aliyetukanwa. Nilimpelekea Marceline habari mwenyewe, bila kusubiri azisikie kwa wengine.

"Munaenda kwenu," alisema.

"Ndiyo."

"Kule muko na nyumba?"

"Ipo."

"Na bantu banakujua?"

"Wananijua."

Alikata uzi kwa meno. "Ni muzuri. Minye kule nitafika sawa mumisionari. Hakuna muntu ananijua, na hata luga yabo sijue." Kisha akacheka, kicheko kile kile cha siku ya lori. "Pengine batazunguka treni kunitafuta."

Wiki moja kabla hatujaondoka, treni ilikuja. Mabehewa ya mizigo, mengi yao bila paa. Kamati ya makanisa ilihitaji watu wa kuandika orodha ya abiria, watu wenye mwandiko unaosomeka. Sista Émérence, aliyeisimamia, alinijua. Aliniita mbele ya wote, akaniwekea meza, kiti na kalamu. Nilitaka kukataa, lakini watu walikuwa wameshapanga mstari na jua lilikuwa linawachoma. Karatasi zilikuwa zimepigwa mistari tayari: jina, umri, idadi ya watu, na ya nne, kituo cha kushukia.

Niliandika tangu asubuhi bila kuinua kichwa sana. Saa nane mchana nikaona kitenge ninachokijua, kimefunga kitu kizito.

"Jina," nilisema.

"Unalijua."

Nikaliandika. Miaka arobaini na moja, nikaandika.

"Watu wangapi, Mama Jessy?"

Alitazama nyuma yake, kule lango la uwanja lilipo, kwa muda, kama mtu anayengoja jina liitwe. Hakuna aliyekuja.

"Niko paka minye," alisema.

Niliandika moja. Katika safu ya nne niliandika Panda. Niliiandika haraka, kwa nguvu, mpaka nibu ikachana karatasi kidogo. Sista Émérence alikuwa anapita nyuma yangu akikagua, akasimama, akainama.

"Mama pasta, treni haiende ku Panda. Panda ni hapa."

"Najua Panda ni hapa!" nilimfokea mtawa wa watu.

Mstari ulikuwa umesimama. Mtoto mmoja alikuwa analia, na nyuma mtu aliuliza kuna nini huko mbele. Marceline alihamisha mzigo wake kutoka bega moja hadi lingine.

"Andika, mama pasta," alisema taratibu. "Andika ile uliandikaka."

Nilikata Panda kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikaandika Mwene-Ditu, mara ya pili, herufi zile zile. Marceline aliinama mezani, akausoma mstari wake wote kuanzia jina hadi mwisho, kidole chake cha fundi kikifuata wino.

"Ungali na mwandiko muzuri," alisema, akaenda kupanda.